Faulo ya Tano

Hamsini na nane kwa sitini na moja.
Ukungu wa Loleza ulishuka robo ya tatu,
ukakaa juu ya ringi ya kaskazini kama mtu mwenye tiketi,
na wageni wa Iringa wakashangilia
hadi mlinzi akazima taa, umeme wa kulipia.

Sasa ni saa nne usiku, Sokomatola.
Chai imepoa. Jiko la mkaa liko miguuni.
Kocha Mwasandube anataka alama za kila mchezaji
kesho asubuhi, kabla mishahara haijagawiwa:
"Kwa kumi, Tumpe. Usimwonee mtu, usimbebe mtu."

Haya. Gwamaka, namba nne. Pointi kumi na tisa.
Mashabiki watampa tisa, wengine watampa na binti.
Mimi niliyehesabu nasema: alitupa mara ishirini na sita,
na kumi na saba ziliishia kwenye chuma.
Mara tatu Anyosisye alisimama peke yake chini ya ubao,
mikono wazi kama anayepokea mtoto,
na mara tatu mtoto hakuletwa.
Tano. Ataninunia hadi Pasaka.

Anyosisye mwenyewe: rebaundi kumi na nne, kiwiko kimevimba,
na njia nzima ya kurudi hakuna aliyemtaja.
Kabla ya mkataba alipakia viazi Uyole.
Mpira bado anaudaka hivyo hivyo,
kwa kifua, kwa tumbo, kwa deni.
Nane.

Mbilinyi, mgeni wetu kutoka Makambako. Dakika sita,
pasi mbili nzuri, moja kwa adui.
Nne na nusu. Nusu ni ya viatu:
vya kuazima, vinambana, hakusema.

(Kocha hatapenda nusu. Kwake alama ni jiwe.)

Sanga. Ah, Sanga.
Zimebaki sekunde kumi na moja, tuko nyuma kwa pointi moja,
mitupo huru miwili.
Uwanja mzima uliliita jina lake, kisha ukalimeza.
Wa kwanza ulizunguka ringi, ukawaza, ukatoka.
Wa pili haukugusa kitu.
Wanasema kala hela. Wanasema dada yake kaolewa Iringa,
kana kwamba ndoa hupindisha kiganja.
Mimi nimefunua karatasi za nyuma:
dakika thelathini na nane bila kupumzika,
maana wa kumpokea alikuwa benchi,
taulo kichwani, faulo tano.

Hapo kalamu imesimama.

Faulo tano za Lusajo, namba tisa.
Nne nazikumbuka: mbili za kijinga,
moja ya uchovu, moja ya haki yake.
Ya tano
refa aligeukia meza yetu, ukungu katikati,
akainua vidole: kiganja kizima cha kushoto,
na cha kulia,
kimoja? Au vinne?
Nilikuwa napuliza vidole vyangu virudi kuwa vyangu.
Nikaandika tisa.

Aliyemgonga yule mgeni mkononi, sasa namwona vizuri,
ni Mbwilo. Namba sita.
Aliitazama meza, akatazama sakafu, akarudi kukaba.
Lusajo alilalamika kidogo tu.
Anaiamini karatasi yangu kuliko mikono yake.

Mbwilo, basi: pointi nane, ulinzi safi, ukimya mmoja.
Nimeandika saba. Nimefuta.
Nimeandika saba.

Lusajo nimemwachia nafasi.
Na chini kabisa, palipoandikwa Mwandishi wa Alama,
ambapo miaka yote naweka sahihi tu na kwenda kulala,
kuna upana wa kutosha tarakimu moja.

Karatasi kocha ataipata saa mbili.
Lusajo hukimbia saa kumi na mbili, barabara ya Ilomba,
giza bado, kofia ya sufu, koti la mvua,
namba mgongoni hana.
Nitamjua kwa mwendo.