Kabla ya Kidonge cha Asubuhi

Kemi, saa moja asubuhi, giza limeganda dirishani.
Tuulikki hajameza kidonge. Kimo mfukoni mwake,
kimefungwa kwa karatasi ya peremende,
kinangoja damu itangulie.

"Mkono gani leo?"
"Wa kushoto. Wa kulia umechoka kuulizwa."

Mimba ina miezi mitano, na dawa inapungua mwilini
kama chumvi katika supu inayoongezwa maji.
Mwezi uliopita: nne. Kabla yake: saba.
Nimeziandika kwenye mlango wa friji,
chini ya tarehe aliyoanguka jikoni,
sufuria ikaendelea kuchemka.

Chupa inajaa.
Nesi anaandika jina, anasahau k moja, anaichomeka juu.
"Haya, meza," namwambia.
Anameza bila maji,
akinitazama mimi, si kidonge.