Ngogogo wa Ghorofa ya Saba

Saa tano usiku nazima taa ya sebule,
navuta kile kistuli ulichokigongomea mguu mara tatu,
nakaa mbele ya tangi lako la kioo
kama mlinzi asiyelipwa.
Nje, theluji ya Ostrava imeshaingia masizi,
na lifti inapanda na kushuka na mlevi yuleyule.

Hatoki mpaka nitulie.
Halafu, chini ya kigae cha chungu cha maua,
kivuli kinajipindua tumbo juu,
na huyo:
mrefu kama kidole changu cha kati,
rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa punje za pilipili manga,
mapezi meusi yenye ukingo mweupe
kama suti ya mtu wa kupanga mazishi.

Vlastimil, miaka ishirini na sita ulishuka mgodini usiku,
ukarudi alfajiri na wanja wa makaa machoni
ambao sabuni haikuuweza.
Ulipostaafu nilidhani utafuga kasuku, kitu cha mchana.
Ukaja na huyu kwenye mfuko wa nailoni, kifuani, chini ya koti,
kambare wa ziwa la Afrika ambalo sisi
hatukuwahi kuliona hata kwenye televisheni.
Ukasema, "Huyu naye ni wa zamu yangu."

Jumanne nilibadili maji.
Miiba yake ikanasa kwenye wavu,
nikamwinua,
akalia.
Samaki, akalia! Go-go-go,
bawaba kavu ya kabati.
Niliangusha ndoo, jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.
Umekufa tangu Septemba
na humu ndani hakuna aliyekuwa amelia kwa sauti
hadi yeye.

Ndipo nikafungua daftari lako.
Vipimo vya joto. Bei ya minyoo. Vipimo vya joto.
Na ukurasa mmoja wenye mwandiko uliobana:
*Jike halei wanawe. Huvizia binamu wa perege wakitaga,
hupita kasi katikati yao, hula mayai mawili matatu, huacha yake.
Yule mama, kwa haraka, huyazoa yote kinywani.*
Na chini kabisa, kwa penseli:
*Květa asisome.*

Nimesoma, mume wangu.

Uliingia naye usiku wa Desemba, mtoto wa miaka mitatu,
mguu mmoja kiatu, mguu mmoja soksi.
Hukusema ni wa nani.
Masikio yake yalisema.
Nilikaanga chapati za viazi, akala zake, akala zako,
akatazama zangu, nikamsogezea sahani.
Sikuuliza kitu.
Kinywa kilichojaa hakiulizi.
Miaka kumi na tisa nilimbeba hivyo:
sikumeza, sikutema.

Daftari linasema kitoto cha ngogogo huanguliwa mapema
na mlemle mdomoni huwala watoto wa mwenye mdomo.
Hapo uliweka alama ya kuuliza, ukaikoleza.
Ulikuwa unaogopa nini, mzee?
Kwangu hakukuwa na wa kuliwa,
daktari alishaniambia, mara mbili, bila kuinua macho.
Radovan alichokula ni viazi,
soli za viatu,
na usingizi wangu wakati wa surua.

Jumapili alipiga simu kutoka Bremen,
nyuma yake mtu anachomelea chuma.
"Mama, umemlisha?"
Nikamwambia kwamba analia akishikwa.
Akanyamaza. Kisha: "Weka simu kwenye kioo."
Nikaiweka. Ngogogo hakusema lolote,
majini hana sababu.
Tulisikiliza pampu tu, dakika nzima,
kwa bei ya kimataifa.

Sasa nadondosha kipande cha minyoo ya barafu.
Masharubu yanakuja kwanza, yanapapasa changarawe
kama wewe ukitafuta swichi
ili usiniamshe.

Nilikuwa macho, Vlastimil.
Kila alfajiri.