Kipimo cha Kitwa

Alikuja Malindi na bahasha iliyochoka:
miwani aliyoandikiwa mara mbili,
dawa za presha asiyokuwa nayo.
Kombe halina risiti,
ila kikombe chenyewe kimo kapuni, kingali chanukia marashi.

"Wewe si mwana wa Lali, wa Mkomani?"
Nikasema ndiye.
"Kitwa chako nakijua. Inchi ishirini na mbili na robo.
Kofia yako ya arusi niliishona mimi."

Bi Somoe hushona kofia za vitobo.
Miaka arobaini na moja, mtaa mzima umepita mikononi mwake
kuanzia nyusi kwenda juu:
nani ana kisogo kirefu, nani kichwa boga,
nani alizaliwa kwa tabu, upande mmoja umebonyea.
Yaliyomo ndani hakuwahi kuulizwa.

Akaeleza. Kofia hushonwa kwa kuinama,
naye akiinama kitambo, maumivu huja
kama mtu abishaye hodi kwa jiwe.
Akisujudu, miguu humtoka. Mara mbili ameanguka mswalani,
wajukuu wakadhani amezidisha dua.
Na vitobo, wallahi, vimekuwa viwili viwili.

Jirani alisema ni pepo.
"Pepo gani huyu," akauliza Bi Somoe,
"ajaye nikiinama, akaondoka nikilala chali?"

Nikayaandika maneno hayo kwenye fomu kama yalivyo.
Fomu zote za wiki ile, hakuna iliyosema kweli zaidi.

Nikamlaza. Mashine ikamzunguka,
ikamkata vipande mia na arobaini bila tone la damu,
vyembamba kama bafta,
nami nyuma ya kioo nikavifunua kimoja kimoja.

Ubongo una vyumba.
Na nyumba yetu ilikuwa hivyo, chumba nyuma ya chumba,
birika uani, na mfereji mwembamba kama kidole.
Baba alisafisha mabirika ya watu. Alisema:
maji yakifurika usiyalaumu maji,
tafuta kilichokaa tunduni.

Kipande cha sabini na tatu.
Pale vyumba viwili vya juu vinapomwaga maji yake katika cha tatu,
mlangoni kabisa,
punje.
Mviringo, nyeupe, kama choroko iliyoloa.
Na vile vyumba vya juu vimefura
kama mashavu ya mtoto apulizaye puto.

Mimi ni mpiga picha. Sina ruhusa ya kusema.
Picha huenda Mombasa, daktari husoma, daktari huandika.
Nikatoka nimeukunja uso vizuri, kama shuka ya wageni.

"Umekiona."
Bi, tusubiri ripoti.
"Nimesema umekiona. Sikusema nambia."

Akatoa uzi kapuni, akanizungushia kichwani,
akafunga fundo penye mwisho wake.
"Umenenepa," akasema, "hata kitwa."

Daktari hakuandika. Alipiga simu.
Kifuko cha ute, alisema. Miaka kumi na tisa kazini,
hiki ni cha tatu kukiona.
Asirudi Lamu leo. Asilale bila mtu wa kumwangalia.
Mlango ule ukizibika wote, hatutaulizwa saa.

Gari la wagonjwa lilikuja baada ya alasiri.
Alipanda kwa miguu yake, shingo wima kama nilivyomwomba,
yeye ambaye maisha yake yote ameyapata kwa kuinama.
Dereva alikuwa kichwa wazi. Nilimwona Bi Somoe akimkadiria.

Miezi mitano. Kisha kifurushi, kimefungwa kwa gazeti la zamani.
Kofia nyeupe juu ya nyeupe,
ikanikaa bila kusukumwa.
Niliigeuza dirishani, mwanga ukapita vitoboni
kote, isipokuwa utosini, katikati hasa:
tobo moja limezibwa kwa uzi,
limefura kidogo ukilipapasa.

Mke wangu akasema maskini, mato bado hayajapona.
Sikumjibu.
Nilikuwa nahesabu safu kutoka ukingoni
hadi pale kidole kilipokwama.