Nyota Juu ya Orodha

Saa saba za usiku, Dundee.
Mvua inakwenda ubavuubavu,
inagonga kioo kama mdai asiyejua deni ni la nani.
Chini yangu Bwana Petrie amekwisha kuwasha tanuri,
harufu ya hamira inapanda ngazi bila kubisha hodi.
Huku juu tuko macho wawili, mimi na seva,
na seva inasema uongo.

Mia mbili, inaandika kwenye daftari lake la matukio.
Mia mbili. Mia mbili.
Kwa lugha ya mashine maana yake: sawa, nimekupa.
Lakini ukurasa mweupe pe,
hauna hata doa la kosa nikalishika mkono.

Nafuata nyayo.
Ijumaa saa tano asubuhi, mtu wa Lochee, simu ya zamani,
aliomba fomu ya kapu la chakula.
Akajibiwa sawa. Akapewa weupe.
Akaomba tena. Sawa.
Mara kumi na moja, sawa.
Kisha nyayo zinakoma.

Sijui nani aliamua katika lugha yangu
neno moja limtoshe aliyepiga magoti
na aliyebofya kitufe:
ombi.
Mchana kazini nalitamka kwa Kiingereza, linakuwa jepesi,
kitu cha kuhesabiwa kwa sekunde.
Usiku linarudiwa na uzito wake.

Nafungua faili la usanidi.
Fergus aliliandika kabla hajahamia Inverness,
mistari mia mbili na ushee bila neno la maelezo,
ila mahali pamoja: usiguse hapa.
Nagusa.

Moduli kwanza. Hawa ni watu wa mlangoni,
kila ombi hupita mbele yao wote.
Mmoja huuliza wewe ni nani,
mmoja huikunja barua iwe ndogo ipite upesi,
mmoja huandika tu, haulizi,
kama karani wa harusini anayeorodhesha zawadi.
Kisha wapokezi.
Mpokezi ni mmoja kwa kila ombi,
na aliyetangulia kwenye orodha ndiye apewaye.
Picha kwa huyu, fomu kwa yule,
na chini, chini kabisa, ndipo huwekwa nyota,
ile alama ya chochote, njoo yeyote,
izoe kilichosazwa na wengine.

Fergus aliiweka juu.

Nyota mstari wa kwanza,
inadaka kila kitu kwa mkono mmoja
na kukikabidhi kwa moduli iliyong'olewa mwezi wa pili
tulipohamia mashine mpya.
Mpokezi hayupo, kiti kipo,
na kiti kikajibu: sawa.

Mama alikuwa akisema nyota njema huonekana asubuhi.
Mama hakuwahi kusanidi seva.
Njema yangu mimi ni ile isiyoonekana,
mstari wa thelathini na nne, ikingoja masalio.

Nakata. Nabandika chini. Nafuta jina la moduli marehemu.
Nahifadhi. Seva inakohoa:
mia tano.
Mabano, nilisahau kuyafunga.
Nacheka kwa sauti, peke yangu;
heri tusi la kweli kuliko ile sawa.
Nafunga.

Saa kumi na moja, shakwe wanagombana juu ya paa.
Fomu inafunguka. Jina. Mtaa. Mko wangapi nyumbani.
Na kile kitufe cha kijani alichokichagua Bi Agnes wa kanisani,
kibaya, leo nakipenda.

Yule wa Lochee sina jina lake.
Nina namba nne zenye nukta katikati,
na namba haziitwi zikaitika.
Juu ya mstari wa nyota naandika
maelezo ya kwanza tangu faili hili lizaliwe:
ibaki mwisho, kuna watu.

Bwana Petrie yuko mlangoni, mkate ndani ya karatasi.
"Sawa, Tusekile?"
Ndilo neno lake pekee la Kiswahili, nilimfundisha mwenyewe.
Naupokea mkate. Naukata kwanza,
nione ndani.