Pointi Mbili za Robo ya Pili

Mechi ikiisha tunahamia kwa Nyaboke,
nje ya geti la nyuma, Nyayo,
kwenye chai ya tangawizi na mandazi ya asubuhi yaliyogeuka jiwe,
na ubishi ule ule unatandikwa mezani:
kocha bora ni yupi?

Mulwa, refa mstaafu wa magoti mabovu,
anasema ni makombe.
"Kabati halidanganyi. Hesabu, kisha unyamaze."

Shikuku anayeendesha basi la timu
anasema makombe hununuliwa:
"Nipe vijana wawili wa futi saba
na mshahara unaoingia tarehe tano,
nitawafundisha nikiwa nimelalia usukani."

Wairimu wa takwimu, kompyuta mapajani,
anamtaka yule anayejua kwamba mpinzani wa mkono wa kushoto
akisukumwa kulia hufunga thelathini na moja kwa mia,
na kwamba robo ya tatu ndiyo mwizi.

"Na anayejua kukaa chini," anaongeza Nyaboke akimimina.
"Wengine hupiga kelele hadi sauti inakauka,
vijana wanatazama viatu."

Mimi husikiliza.
Miaka kumi na tisa naandika karatasi ya alama,
kalamu nyekundu robo ya kwanza na ya tatu,
buluu ya pili na ya nne.
Nimewaona makocha kwa upande ambao jukwaa halioni:
soksi zisizofanana, vidole vikitetemeka wakiomba mapumziko,
yule aliyetafuna kifuniko cha chupa hadi kikaisha.
Karatasi ina kisanduku cha makosa yao.
Haina kisanduku kingine.

Kisha mtu analitaja jina la Adongo
na chai inapoa.

Nusu fainali. Stima zilikuwa zimepotea mara mbili.
Dakika mbili zimebaki, vijana wake wako mbele kwa pointi moja.
Akaja mezani na koti lake la kahawia,
ananukia pipi za kifua,
akaweka kidole kwenye safu yake mwenyewe:
hizi mbili za robo ya pili si zetu,
kumi na moja alirusha baada ya filimbi.
Refa akainama. Nikakata.
Wakawa nyuma kwa moja,
na king'ora kikawakuta hapo hapo.

"Bonasi elfu kumi kila mtu!" Shikuku anapiga meza.
"Etyang' ana mtoto mchanga Pumwani, bili haijalipwa.
Wafula ana kodi ya miezi mitatu Umoja.
Hii ni kazi, jamani, si ibada.
Mzee alitoa sadaka kwa mfuko wa wengine."

"Etyang' alikaa naye misimu sita baadaye," anasema Mulwa.
"Nani alimfunga kamba?"

"Na Wafula aliondoka wiki ile ile.
Anauza vioo vya magari Barabara ya Kirinyaga.
Nenda ukamuulize yeye ubora ni nini."

Wairimu anatafuta asilimia.
Hapati.

Hawajui mkono ulioziandika pointi zile.
Simu ilikuwa imetetemeka chini ya meza, binti yangu,
nikainama kusoma,
nikainuka wavu ukicheza, nikaandika mbili.
Filimbi sikuisikia.

Adongo alijua. Alinitazama mara moja tu.
Na refa alipouliza kumetokea nini
hakusema *ameandika vibaya.*
Alisema, "Tumehesabu vibaya."
Tu.
Silabi moja, na mimi si mchezaji wake,
sikuwahi kuvaa jezi ya mtu yeyote.

Kwa miaka saba nimeipima silabi ile
dhidi ya kodi ya miezi mitatu Umoja.
Kuna usiku inashinda.
Kuna usiku namwona Wafula na kitambaa,
anafuta kioo asichokiendesha.

Nyaboke anakusanya vikombe.
"Na wewe mwandishi, huna neno?
Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Namwomba sukari.