Pindo

Albamu ilitoka Ijumaa, na mpaka leo Jumanne
hakuna aliyechukua nguo yake.
Suruali ya Bwire imening'inia, tayari;
mwenyewe yuko kwenye benchi, kidole hewani,
anasema Nyamizi ametuuza.

"Ametuuza? Wewe ulimnunua lini?"
Huyo Kashinje, bado na sare ya zamu ya usiku, Bugando,
viatu kavua, miguu imemvimba.
"Ile ya kwanza uliinakili kwangu, bure,
kwa flashi yangu, na flashi hukuirudisha."

Tunacheka. Bwire hacheki.
Yeye anaitaka Mawe, albamu ya gitaa moja,
iliyorekodiwa huku huku Igogo, chumbani kwa dada yake,
mbwa wakibweka kwenye wimbo wa tatu,
na mpita njia akipiga hodi katikati ya kiitikio.
"Ile hodi," anasema, "ndiyo ilikuwa Mwanza.
Sasa nipigie hizi Ngazi za Simenti,
unionyeshe hodi iko wapi.
Tarumbeta tatu! Ngoma za kwenye kompyuta!
Gitaa limekaa nyuma kama mgeni wa harusi
asiyejua kama sahani itamfikia."

Chini kule kivuko cha Kamanga kinapiga honi.
Doto, mpiga besi wa kwaya, bila kuulizwa:
"Hiyo ni la."
"Mmesikia?" anadakia Bwire. "Hata kivuko kimekataa."

Doto anachomoa hedifoni sikio moja.
Anasema sisi tunasikiliza kwa kumbukumbu.
Anasema zamani vidole vyake vilijua njia moja tu,
kupanda, kupanda,
kama mtu na ndoo kichwani juu ya mawe.
"Sasa anajua kushuka. Wimbo wa tano, tulieni.
Anashuka nusu, anashuka nusu, na hamwagi."
Anaurudisha. Anaurudisha tena.
Simu imebaki asilimia nne.

Mimi nina sketi ya shule mapajani,
ya binti wa Nyabise, muuza mapanki.
Niliishona mwaka juzi, Januari,
nikaacha pindo la vidole vinne
kwa kuwa mama yake alisema, huyu anakimbia.
Nakata uzi kwa wembe. Nafumua.
Kitambaa kinateremka,
na pale palipokunjwa mstari umebaki:
chini bluu ya dukani, haijawahi kuona jua,
juu bluu ya kufuliwa na kuanikwa kwenye mwamba.
Pasi haiufuti. Nimeshajaribu hata siki.

"Fundi, mbona kimya? Wewe unasemaje?"

Nasema wimbo wa pili sikuupenda.
Wa nne ni soda iliyoachwa wazi.
Bwire ananyoosha mkono tugongane,
lakini sijamaliza.
Wa saba, nasema. Mwishoni.
Tarumbeta zinanyamaza, anahamisha mkono,
na kidole kinakwaruza waya: kwii.
Ile ile ya chumbani kwa dada yake.
Huko Dar wana mashine za kufuta kikohozi,
wangeshindwaje kuifuta kwii?

"Wamesahau," anasema Bwire.
"Ameiacha," anasema Kashinje.
Doto anautafuta wimbo wa saba
na simu inazimika mkononi mwake.

Basi wanabishana juu ya kitu wasichoweza kukisikia,
kwa sauti ya juu zaidi.
Korongo kwenye bati la jirani anahama mguu.
Harufu ya dagaa inapanda na upepo wa ziwa,
na Kashinje anasinzia amekaa, mdomo wazi,
akiamka kila linapotajwa jina la Nyamizi
kusema "muongo."

Saa kumi Bwire anakumbuka suruali.
Anaingia nyuma ya pazia. Anachelewa.
Anatoka ameshikilia kiuno, kifungo hakifiki.
Anasema nimekosea kipimo.
Nafungua daftari: kipimo ni chake,
cha Desemba, na mwandiko ni wake.

Kashinje ameamka kabisa.

Lete, namwambia.
Niliacha kidogo hapo nyuma.