Mlango wa Kushoto

Kompresa ya mjomba Ushangi huamka kabla ya mji wa Rustavi.
Hukohoa mara tatu, hutetemesha vikombe rafuni,
hujaza kifua chake cha chuma, kisha hunyamaza ghafla
kama mtu aliyekumbuka jambo akaamua kutolisema.

Hapo ndipo tunaanza.

Mjomba hanusi kitu tena. Miaka thelathini ya thina
imemkwangua pua kama msasa ukwanguavyo kutu.
Maziwa yakichacha, ni mimi wa kumwambia;
gesi ikivuja, ni paka.

"Mkono utangulie, kidole kifuate," alinifundisha.
"Na ukishavuta, usisimame. Ukisimama, rangi italia."
Shibiri moja kutoka kwenye bati,
mkono ukienda na kurudi kama pasi juu ya shuka,
kila pito likilalia nusu ya pito lililotangulia.
Shibiri yake, lakini. Yangu ni fupi.
Nilipaka mlango wa friji mbovu mara arobaini na moja
mpaka ukanenepa, mpaka haukufungika.

Magari huja kwetu yakiwa yamekufa mara moja.
Huvuka Atlantiki kontenani, mbavu zimebonyea,
namba ya mnada imeandikwa kiooni kwa chaki ya njano.
Tunayanyoosha, tunayaziba puti, tunayasugua kwa maji
hadi kiganja, si jicho, kiseme basi.
Wenye wivu kule sokoni hutuita wauza mikakasi.
Waseme.
Hawajawahi kusimama ndani ya ukungu ule
unapotoka puani mwa bunduki, mwembamba, wa baridi,
ukatua bila kugusa.

Alhamisi lililetwa gari dogo la kijivu.
Mlango wa kushoto, wa nyuma, ulikuwa umedidimia
kama unga uliopigwa ngumi.
Nilipobandua ubao wa ndani kikaanguka kibanio cha nywele,
kipepeo cha plastiki, bawa moja halipo.
Nikampa mjomba. Akakigeuza kwenye mwanga,
akakitia mfukoni mwa shati.
"Presha imeshuka," akasema. "Kaangalie mpira."

Mpira ulikuwa mzima.

Mteja, mwalimu wa jiografia kutoka Gori, alitaka bluu.
Nikavaa barakoa, nikamwaga maji sakafuni vumbi lilale,
nikavuta kidole, nikaenda, nikarudi, nikaenda,
na kijivu kikawa kinazama taratibu mbele yangu.
Karibu na bawaba mkono ukasita.
Sikuuambia usite.
Tone likavimba, likachungulia,
likateremka urefu wa ukucha, likakaa.

Dawa yake naijua: kikauke, msasa wa elfu mbili,
maji ya sabuni, kitambaa, subira.
Mjomba akaja na taa. Akainama. Akakaa ameinama.
Huyu ndiye aliyewahi kukwangua boneti zima
kwa sababu ya mbu mmoja.

"Mwalimu hataliona," akasema,
akazima taa, akafungua koki ya kompresa,
ikatoa pumzi yote iliyokuwa imebakiza.

Gari liliondoka Jumamosi.
Kibanio kinaning'inia kwenye msumari, kando ya misasa.
Sikumwona akikitundika.
Tumeshapaka nyekundu mbili, fedha moja, na kijani cha teksi,
na kila rangi imemwachia kipepeo vumbi lake,
upande ule wenye bawa.